Ujana Hauuzwi Katika Chupa



Siku moja ya soko mchuuzi mmoja aliingia katika mtaa wetu juu ya pikipiki, kipaza sauti kimefungwa mbele. Akaanza kupiga kelele: «Wazee, njoni! Mgongo unauma? Magoti yanalia? Macho yana giza? Nguvu za nyumbani zimekwisha? Chupa moja tu, siku 21 tu, na utakuwa tena kijana wa miaka 30!»

Watu wakacheka. Lakini angalieni vema: waliocheka walikuwa vijana. Wazee hawakucheka. Wazee walikuwa wanahesabu franka zao.

Katika wazee hao alikuwamo mjomba wangu. Ni mwalimu. Amefundisha watoto kusoma na kuhesabu kwa muda wa miaka 38, nami ni mmoja wa watoto hao. Si mjinga. Alinunua chupa mbili.

Majuma matatu yakapita. Nikaenda kumsalimu, nikatazama juu ya meza mahali anapoweka vidonge vyake vya tansio, maana damu yake huenda kwa nguvu kupita kiasi, na mganga wa hospitali alimwagiza ameze kimoja kila asubuhi. Vidonge havikuwapo.

«Mjomba, vidonge vyako viko wapi?»

«Nimeviacha, mwanangu. Yule wa pikipiki alisema vidonge vya hospitali na dawa yake havipatani. Tena vidonge ni vya wagonjwa. Mimi si mgonjwa, mimi ni mzee tu, na sasa uzee una dawa.»

«Mjomba, nani amekuambia uzee una dawa?»

Akanitazama kitambo. Kisha akasema: «Mwana wa dada yangu, wewe ungali na meno yako. Mimi nina wajukuu sita ndani ya nyumba hii. Nikienda kuomba kazi, wanatazama mvi zangu na kusema: Baba, nenda kapumzike. Nikipumzika, hawa watakula nini?»

Sikuwa na jibu. Siku ya tisa baada ya maneno hayo, mjomba akaanguka uani asubuhi na mapema. Mkono wa kuume na mguu wa kuume vikalegea, ulimi ukawa mzito. Mganga akatueleza kwamba mshipa wa damu umeharibika katika kichwa, na kwamba tansio iliyoachwa bila dawa ndiyo iletayo mambo hayo mara nyingi.

Naomba nieleweke sawasawa. Sisemi kwamba chupa ile ilikuwa na sumu, maana hakuna aliyeipima. Nasema neno moja tu: chupa ile ilimwondolea vidonge vilivyokuwa vinamlinda, ikampa maneno mahali pake. Na kwa maneno hayo alilipa fedha ya chakula cha wajukuu wake. Ndiyo sababu nimeshika kalamu, na sitaandika kwa upole.

UWONGO HUU SI WA JANA

Wengine wataniambia: «Wewe unadharau dawa kwa sababu inauzwa na mtu wa pikipiki. Lakini ng'ambo, kwa watu wenye elimu, dawa ya kurudisha ujana imekwisha kupatikana.» Vema. Twende basi ng'ambo pamoja, tukawatazame hao wenye elimu. Tutaona kwamba uwongo huu ulivaa koti jeupe la mganga zamani sana kabla ya kupanda pikipiki.

Tuanze katika mji wa Paris, tarehe 1 Juni 1889. Siku hiyo profesa mmoja mwenye sifa kubwa, jina lake Charles-Édouard Brown-Séquard, alisimama mbele ya wataalamu wenzake. Mtu huyo alizaliwa mwaka 1817 katika kisiwa cha Morisi, katika bahari ya Hindi, naye alikuwa amevumbua mambo ya kweli juu ya mishipa ya fahamu. Sasa alikuwa na miaka 72, na nguvu zake zilikuwa zimepungua. Akawaambia kwamba amesaga makende ya mbwa na ya simbilisi, akayachuja katika maji, akajipiga sindano ya maji hayo. Kumbe, alisema, nguvu zimerudi! Anaweza kupanda ngazi mbiombio kama zamani, anafanya kazi saa nyingi bila kuchoka.

Habari ikaruka duniani kote. Haukupita muda, wauzaji wakatengeneza «maji ya uzima» yao wenyewe na kuyatia katika chupa. Na profesa? Alikufa mwaka 1894, hata miaka mitano haikutimia. Mwaka 2002 wataalamu wa Australia walitengeneza tena maji yale kwa kufuata maandishi yake, wakayapima. Wakaona kwamba ile homoni ya kiume iliyomo ni kidogo mno, haiwezi kumtia mtu nguvu yo yote. Kilichompandisha ngazi mzee yule kilikuwa tumaini lake mwenyewe.

Wa pili ni mganga aliyezaliwa Urusi mwaka 1866 na kufanya kazi Ufaransa, Serge Voronoff. Huyo aliona maji hayatoshi. Mwezi wa Juni mwaka 1920 alikata kipande cha kende la sokwe na kukishona katika mwili wa mwanamume. Wanyama walitolewa katika misitu ya Afrika, wa jamii ile ile ya sokwe tunaowajua sisi, wakapakiwa melini ili matajiri wa Ulaya wawe vijana. Mamia ya wanaume walipasuliwa. Leo kila mwanafunzi wa uganga anajua lililotokea ndani: mwili wa mtu hukataa nyama ya mnyama mgeni, huipiga vita mpaka ife. Kikabaki kovu. Matajiri wale wakazeeka na makovu yao, sokwe wakafa bure.

Wa tatu ni Mmarekani, John R. Brinkley, na huyu ndiye baba hasa wa mchuuzi wetu. Cheti chake cha uganga alikinunua kwa fedha. Katika kijiji cha Milford, jimbo la Kansas, alianza katika miaka ya 1917 na 1918 kuwatia wanaume makende ya mbuzi. Naam, mbuzi! Bei ilikuwa dola 750, fedha nyingi sana kwa nyakati zile. Kisha akajenga kituo chake cha redio, akawa anasema kila siku na wanaume wa mashambani: Kwa nini kukaa kama mti uliokauka? Njoni kwangu. Wakaja kwa maelfu. Wengine walioza vidonda, wengine walikufa. Mwaka 1930 jimbo la Kansas likamnyang'anya ruhusa ya kutibu. Akahamia mpakani mwa Mexico, akajenga redio yenye nguvu zaidi. Mwaka 1938 mganga mwingine, Morris Fishbein, mhariri wa gazeti la waganga wa Marekani, alimwita mdanganyifu mbele ya watu. Brinkley akamshtaki. Akashindwa. Akafa mwaka 1942, mali yake yote imekwisha.

HATA WATU WAKUU

Hapa msomaji mmoja wa gazeti letu ataniuliza swali gumu, nami sitalikimbia. Ataniambia: «Mbona nasikia hata Papa mmoja alitibiwa kwa dawa ya namna hiyo?»

Ni kweli. Mganga wa Uswisi, Paul Niehans, alikuwa akiwapiga watu sindano za chembe hai zilizotolewa katika wana-kondoo walio bado tumboni mwa mama yao. Alisema chembe hizo zinafanya upya viungo vilivyochoka. Mwaka 1954 Papa Pio XII alikuwa mgonjwa sana, na Niehans aliitwa kumtibu. Papa akapata nafuu, na mwaka 1955 Niehans akatiwa katika Chuo cha Papa cha Sayansi. Matajiri na wacheza sinema wakamiminika katika hospitali yake.

Lakini tufikiri. Je, Papa akinywa dawa, dawa hiyo imekuwa neno la imani? Hasha! Papa ni mtu, mwili wake unaumwa kama mwili wako, na akiumwa anawasikiliza waganga kama wewe. Mgonjwa akipata nafuu baada ya sindano, hiyo siyo hoja kwamba sindano ndiyo iliyomponya. Papa Pio XII alikufa mwaka 1958, mwenye miaka 82, kama wazee wenzake wanavyokufa. Na zile chembe za kondoo? Mwaka 2014 watu kutoka Marekani walisafiri mpaka Ujerumani kupigwa sindano hizo ili wapate afya mpya. Watano kati ya wakaaji wa jimbo la New York waliokwenda kule walirudi na homa iitwayo homa ya Q, ambayo ni ugonjwa wa kondoo na mbuzi. Walikwenda kutafuta ujana, wakaleta ugonjwa wa zizini.

Nimeyasema haya ili mtu asidhani kwamba ni wajinga peke yao wanaodanganyika. Cheo hakimkingi mtu, elimu haimkingi, utakatifu haumkingi. Anayeogopa kuzama hushika hata jani. Mfa maji haachi kutapatapa.

«HAYO NI YA ZAMANI», MTASEMA

Basi tutazame ya karibu. Mwaka 1990 mganga wa Marekani, Daniel Rudman, na wenzake waliwapiga wanaume 12, wenye miaka zaidi ya 60, sindano za homoni inayokuza watoto. Baada ya miezi sita nyama za mwili ziliongezeka na mafuta yalipungua.  Hawakusema kwamba wazee hao wamekuwa vijana. Lakini wafanya biashara walichukua karatasi ile, wakafungua nyumba za kuuza «ujana», wakitaka maelfu ya dola kila mwaka. Baadaye majaribio mengine yalionyesha kwamba nyama ziliongezeka, lakini nguvu hazikuongezeka sawasawa nazo. Na juu yake walioipokea walivimba viungo, na sukari katika damu yao ikaharibika.

Kisha likaja jambo la kutisha zaidi. Huko California kampuni moja iliuza maji ya damu ya vijana kwa watu waliozeeka: dola 8.000 kwa lita moja. Tarehe 19 Februari 2019 ofisi ya Serikali ya Marekani inayosimamia dawa iliwaonya watu wote kwamba hakuna faida yo yote iliyothibitishwa katika damu hiyo, na kwamba inaweza kudhuru. Tusome tena neno hili polepole: mzee tajiri ananunua damu ya kijana. Babu zetu walikuwa na jina la watu wa namna hiyo, nalo halikuwa jina zuri.

Mwaka 2002 wataalamu 51 wa mambo ya uzee, miongoni mwao Leonard Hayflick, aliyekuwa ameonyesha mwaka 1961 kwamba chembe za mwili wa mtu hujigawanya mara nyingi lakini si bila mwisho, walitia majina yao chini ya tangazo moja. Walisema wazi: hakuna dawa yo yote inayouzwa ambayo imethibitika kuchelewesha uzee wa mtu, wala kuurudisha nyuma. Tangu siku hiyo utafiti umeendelea. Mwaka 2009 panya waliopewa dawa fulani iitwayo rapamisini waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Habari njema kwa panya! Dawa hiyo hupunguza ulinzi wa mwili. Waganga huwapa watu waliotiwa figo ya mtu mwingine. Lakini mpaka leo hakuna mtu aliyethibitika kurudi katika ujana kwa dawa yo yote, ya ghali wala ya rahisi.

JINSI YA KUMTAMBUA MDANGANYIFU

Ukiwaweka pamoja profesa wa Paris, mwenye mbuzi wa Kansas na mwenye pikipiki wa mtaa wetu, utaona wanafanana kama ndugu wa tumbo moja. Shikeni alama zao.

Alama ya kwanza: dawa yake moja inaponya yote. Magoti, macho, usingizi, ndoa, sukari, mvi. Lakini goti si jicho. Goti linauma kwa sababu gegedu limelika. Jicho lina giza kwa sababu lenzi yake imekuwa na ukungu. Ufunguo unaofungua milango yote ya mji ni ufunguo wa mwizi.

Alama ya pili: huchukua neno dogo la kweli na kulipuliza mpaka liwe kubwa kama tembo. Ni kweli kwamba viungo vingine vya mwili hutia homoni katika damu; Brown-Séquard hakukosea hapo. Ni kweli kwamba majani mengine ni dawa. Uwongo mtupu hauuziki. Unaouzika ni ule uliopakwa kweli nje.

Alama ya tatu: analeta mashahidi, haleti hesabu. «Mzee fulani alikunywa, sasa anacheza ngoma!» Vema, lakini wangapi walikunywa? Wangapi hawakucheza? Wangapi wamelala kaburini na hawawezi kuja sokoni kutoa ushuhuda? Mtaalamu wa kweli hugawa wagonjwa mafungu mawili. Fungu moja hupewa dawa, fungu la pili hupewa kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani, wala wagonjwa wenyewe hawajui nani amepewa nini. Mwishoni wanahesabiwa. Mwulize mchuuzi: wewe umewahesabu lini?

Alama ya nne: anakuamuru uache dawa ya hospitali. Hii ndiyo alama inayoua. Mtu ye yote anayekuambia uache vidonge vya tansio ao vya sukari ili unywe chupa yake, mkimbie kama unavyokimbia nyoka.

Alama ya tano: dawa isipofaa, kosa ni lako. Hukunywa sawasawa, ulikula samaki, ulikosa imani, nunua chupa nyingine. Kwa namna hiyo yeye hashindwi kamwe.

«LAKINI MIMI NILIPATA NGUVU!»

Najua wako watakaosema hivyo, na wengine hawasemi uwongo. Walikunywa, na maumivu yakaondoka kwa siku chache. Nitawaambia jinsi inavyoweza kuwa.

Pengine ni tumaini peke yake, kama kwa profesa wa Paris. Pengine maumivu yalikuwa yataondoka yenyewe, maana maumivu ya uzee huja na kwenda kama mvua. Lakini pengine kuna jambo baya zaidi. Katika nchi nyingi, ofisi zinazopima dawa zimekuta ndani ya «dawa za majani» vitu vya famasi vilivyofichwa, wala havikuandikwa juu ya chupa. Kimoja ni deksametazoni. Mtu akiimeza, maumivu ya viungo yanakimbia, hamu ya kula inarudi, mashavu yanajaa. Majirani wanasema: tazameni, amekuwa kijana! Kumbe mashavu yale ni dalili ya dawa yenyewe, siyo ya afya. Ndani, sukari inapanda, tansio inapanda, mifupa inadhoofika. Tena aliyeizoea kwa muda mrefu akiiacha ghafula anaweza kuanguka na kufa, maana mwili wake umesahau kutengeneza homoni inayofanana nayo.

Kingine ni sildenafili, inayotiwa katika dawa za nguvu za kiume. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo anayemeza dawa za kupanua mishipa, akiichanganya nayo bila kujua, damu yake inaweza kushuka mpaka asiamke tena. Basi «majani matupu ya porini» si majani matupu, na aliyekuuzia pengine naye hajui.

Na akina mama? Wanauziwa mafuta ya kufuta makunyanzi na madoa ya uzee usoni. Mengi ya mafuta hayo, yale yale ya kujichubua, yamekutwa na zebaki ndani. Zebaki hupenya ngozi, huingia katika damu na kuharibu figo. Mengine yana hidrokinoni: ikipakwa miaka mingi, ngozi iliyotafuta kung'aa hugeuka kuwa na mabaka meusi yasiyotoka tena. Mataifa yalipatana katika mapatano ya Minamata kuondoa vipodozi vyenye zebaki, lakini sanduku dogo hupita mpaka kwa urahisi. Mwaka 2017 Shirika la Afya la Dunia lilitangaza kwamba katika nchi maskini na za kati, karibu dawa moja katika kila kumi ni ya uwongo ao haifikii kipimo chake. Ikiwa ni hivyo kwa dawa zenye jina, je, chupa isiyo na jina?

NI NANI WA KULAUMIWA?

Mchuuzi wa kwanza. Nasema na wewe, kijana wa pikipiki, maana pengine unasoma. Najua unatafuta mkate wako. Lakini mkate unaotolewa katika mdomo wa mjane na wajukuu wake si mkate halali. Uza sabuni, uza chumvi, uza mafuta ya taa. Usiuze usichokuwa nacho.

Wa pili, wenye redio. Brinkley bila redio angalikuwa mdanganyifu wa kijiji kimoja. Redio ilimfanya mdanganyifu wa nchi nzima. Leo ninyi mnapokea fedha na kutangaza kila asubuhi, katikati ya habari na nyimbo, chupa iponyayo magonjwa 40. Mnasema: sisi tunatangaza tu. Aliyeshika ngazi wakati mwizi anapanda, je, hakuiba?

Wa tatu, ni sisi sote. Hapa ndipo penye neno langu kubwa. Mchuuzi hana ujana wa kuuza. Anavuna aibu ya uzee, na aibu hiyo tumeipanda sisi. Mjomba wangu hakununua chupa kwa sababu alitaka kucheza ngoma. Alinunua kwa sababu tulimwambia, mlango baada ya mlango, kwamba mtu mwenye mvi hafai kitu. Tunaimba «penye wazee haliharibiki neno», kisha mzee akisema tunatazama simu. Wajukuu sita tulimwachia, nguvu za kuwalisha hatukumwachia. Halafu tunashangaa anaponunua nguvu sokoni! Zamani mtu alipofikia uzee alipanda cheo. Leo amefanywa kama gari bovu linalotafutiwa vipuri.

KUNA LINALOFAA

Msiseme kwamba nawaacha wazee mikono mitupu. Uzee si ugonjwa, lakini magonjwa ya wazee yapo, nayo yana dawa zake, kila moja na yake.

Tansio ina vidonge. Havirudishi ujana, lakini vinalinda mshipa wa kichwa na moyo, na ni lazima kuvimeza hata siku usipoumwa. Pimeni tansio, maana haitoi sauti kabla ya kuangusha mtu. Sukari nayo ipimwe. Jicho lenye ukungu wa mtoto wa jicho hufunguliwa kwa operesheni fupi, na mzee aliyekuwa akishikwa mkono anarudi kuona uso wa mjukuu wake. Hilo ndilo jambo la ajabu la kweli, na mwenye pikipiki halitangazi. Miwani ya kusomea haina siri yo yote, nayo humrudisha mwalimu kwenye kitabu. Kuacha tumbako kunafaa hata kwa mwenye miaka 70. Kupunguza chumvi kunafaa. Kutembea kila siku, kulima bustani kidogo, kunalinda mguu usianguke. Fimbo nzuri mkononi ni bora kuliko chupa 10.

Hayo yote si ya haraka, wala hayaahidi makuu. Yanamsaidia mzee awe mzee mwenye afya. Hayamgeuzi kijana, na hakuna kitakachomgeuza.

Nawe, mtoto wa mzee, ukitaka kumlinda baba yako na wadanganyifu, usianze kwa kumhubiri. Anza kwa kununua vidonge vyake kabla havijakwisha. Uliza kila juma: Baba, umemeza? Umtume kazi anayoiweza, na umlipe kama ni kazi ya malipo. Mwulize shauri, kisha ulifuate angalau mara moja.

Mjomba wangu yu hai. Mguu umepata nguvu kidogo, mkono wa kuume bado. Ulimi unarudi polepole. Watoto wa mtaa huja jioni na vitabu vyao, hukaa chini penye kiti chake, wanasoma kwa sauti, na mtoto akikosea neno yeye hugonga fimbo chini kwa mkono wa kushoto. Hawezi bado kusema vema neno lililo sawa, lakini kosa halimpiti. Wazazi wa watoto hao wamepatana kumletea kila mwezi fedha kidogo na unga. Ingaliwezekana kufanya hivyo mwaka jana, kabla hajaanguka. Hakuna aliyefikiri.

Juzi pikipiki ilipita tena na kipaza sauti chake. Mzee jirani akasimama, akatia mkono mfukoni. Mjomba akagonga fimbo chini mara tatu. Jirani akamtazama, akatazama ule mkono uliolala juu ya goti. Akatoa mkono wake mfukoni, mtupu, akarudi kukaa.

Ninyi mnaosoma, gongeni fimbo.